Kiinua Mgongo

Miaka thelathini na mmoja nimeinama
juu ya vitanda vya Kitete, nikipokea vichwa vya watoto wa watu,
ndipo nikahesabiwa fedha, zikaitwa kiinua mgongo.
Mgongo haukuinuka.
Basi nikasema, ninunue wa chuma.

Feruzi wa Ipuli ana magari mawili ya bei yangu,
yamesimama bega kwa bega mchangani
kama wachumba walioletwa siku moja.
La kwanza salun, jeupe, limefungwa nyuma kama bahasha.
La pili stesheni wagon, rangi ya majivu,
paa limekwenda moja kwa moja,
halikujua pa kukomea.

(Nilipomwambia jirani nawaza salun
akauliza nani atakuwa anasuka.)

Mihayo wangu yuko upande wa salun.
Amevaa koti. Siku ya kuangalia gari, amevaa koti!
Ameshika usukani, injini imezimwa,
anawapungia mkono watu ambao hawapo.
"Hili," anasema, "ukifunga mlango umefunga.
Hakuna atakayekuja kukuomba umbebee gunia."

Ana haki. Alikuwa mpakizi wa reli,
ujana wake wote ameuinulia vya wenzake:
tumbaku ya Urambo, madumu ya asali,
magodoro ya walimu waliohamishwa.
Anataka chombo kisicho na nafasi.

Mimi nazunguka nyuma ya lile la majivu.
Mlango unapanda juu, unalia.
Kwenye zulia naokota punje za mpunga,
unyoya wa kuku, kipande cha nta.
Gari la namna hii halina mwenyewe, nalijua.
Saa nane usiku dirisha linagongwa: chupa ya mkwe imepasuka.
Jumamosi kitanda cha bibi harusi,
Jumapili viti vya kwaya,
Jumatatu mbuzi, na mbuzi hana simile.
Na mafuta? "Tutaonana, mama."
Hawaonani na mtu.

Lakini si hayo yaliyonisimamisha.
Mwaka ule wa mvua nyingi tulimtoa kaka yangu Lutonja wodini,
tukamrudisha Sikonge kwa stesheni ya kuazima,
viti vimelazwa,
miguu yake ikifika kwenye gia.
Dereva alikuwa kijana tu. Kila akibadili, anaomba radhi.
Gia ya pili: samahani, kaka.
Gia ya tatu: samahani, kaka.
Penye matope alirudi ya kwanza, akalia.

Ndiyo maana, Feruzi, nimekaa kimya
nawe unadhani natafuta kutu.
Salun haibebi maiti. Huo ndio uzuri wake,
Mihayo hausemi, ila ndio anaoupenda:
gari ambamo kifo hakiwezi kujilaza,
kikitaka kusafiri kikae wima,
kifunge mkanda kama abiria.

Nikavua viatu.
Nikapanda nyuma, nikajinyoosha.
Feruzi akageuza uso. Mihayo akaibonyeza honi bila kutaka.
Urefu unanitosha, inabaki shibiri.
Mgongo, huu wa nyama, ukatulia juu ya bati,
na tangu Januari ndiyo siku ya kwanza haukuniuma.
Kioo kilijaa mbingu, nyaya za umeme, kunguru mmoja.
Nikawaza: ndoo ishirini za asali zinaingia hapa.
Nikawaza: na mimi.
Sikuogopa kama nilivyodhani.
Nilisikia njaa.

"Mama, umelala?"
"Nimepima. Punguza laki tatu.
Na bawaba hizo uzitie grisi,
sitaki ziamshe mtaa mzima
usiku nitakapotoka kwenda kwa watu."

Mihayo alibaki ndani ya salun
mpaka tulipomaliza kuandikishana.
Kisha akashuka, akavua koti, akalikunja mikono ndani,
akaja kuliweka nyuma, katikati,
likalala pale peke yake,
dogo.